Nani Alipokea Simu Yangu?

Hyasinta alijua kuna jambo pale Boniphace alipokataa kiti.

Haikuwa kawaida yake. Boniphace wa Butiama alikuwa mtu wa kukaa, kuomba maji ya kunywa, na kuulizia habari za nyumbani kwa kina fundi, Murangi, kabla hajagusia kilichomleta. Leo alisimama katikati ya kibanda cha ushonaji pale Iringo, kofia mkononi, macho yake yakizunguka kwenye rafu ya vitambaa vya wateja.

"Fundi, nimefuata kitambaa changu," alisema.

"Kitambaa?" Hyasinta aliondoa mguu kwenye cherehani. "Kaka Boniphace, kitambaa nimeshakikata. Koti limebaki mikono na bitana ya ndani. Harusi si mwezi ujao?"

"Ni Jumamosi hii inayokuja."

Hyasinta alisukuma kiti nyuma. Alisimama.

"Mbona hukuniambia?"

"Sikukuambia?" Boniphace alicheka bila furaha. "Nilikupigia Jumapili jioni. Akapokea mwanaume. Hata salamu hakunipa. Akasema, 'Wewe ndiye unayempigiapigia mke wangu? Tafuta wako. Na namba hii uifute.' Nilikuwa nimekaa na mama, fundi. Simu nimeiweka sauti kubwa ili na yeye asikie tunavyopanga. Mama akaniangalia, akaniuliza, 'Mwanangu, umeanza lini kusumbua wake za watu?'"

Hyasinta alikumbuka. Jumapili jioni alikuwa Bunda, nyumbani kwa kina Mwikwabe, mchumba wake. Simu aliiacha sebuleni kwenye chaji, akaenda uani kuosha vyombo pamoja na wanawake wa nyumba ile. Aliporudi ilikuwa palepale alipoiacha, na Mwikwabe alikuwa pembeni yake akitabasamu, akamwambia gauni alilovaa limempendeza. Hakusema kingine.

Ingekuwa rahisi kusingizia mtandao. Kila fundi wa mjini husingizia mtandao, umeme, au msiba wa shangazi asiyekuwepo. Maneno yalimfika mdomoni kabisa. Akayameza.

"Ni kweli," alisema. "Simu ni yangu, na aliyepokea namfahamu. Ni mchumba wangu. Hakuwa na ruhusa ya kupokea, na alichokwambia ni uongo na ni matusi. Lakini mimi ndiye niliyeiacha simu ya kazi ovyo. Kwa hiyo pole ninawapa mimi, wewe na mama. Naomba unisamehe."

Boniphace hakutegemea jibu hilo. Alikuwa amejiandaa kugombana na mtu anayebisha, na sasa hakuwa na pa kuipeleka hasira yake. Aliigeuza kofia mara mbili tatu.

"Nyie mafundi mnasemaga mtandao," alisema polepole.

"Mimi sisemi mtandao. Kaa, kaka. Nieleze, kwa nini harusi imesogezwa?"

Safari hii alikaa. Akaeleza kwamba mama yake anapelekwa Mwanza kupasuliwa, na mama mwenyewe amesema hapandi gari kwenda kulala juu ya meza ya madaktari kabla hajamwona mwanawe madhabahuni. Hyasinta alimsikiliza mpaka mwisho. Hakushika mkasi wala hakuangalia nje. Ndivyo alivyomsikiliza pia siku ile ya kwanza, Boniphace alipokuja na aibu zake zote kuhusu bega la kushoto, lililoshuka tangu alipoanguka na pikipiki. Mafundi wengine walimwambia asimame wima. Hyasinta alimuuliza, "Unataka nilifiche bega, au unataka niliache watu walione kama lilivyo?" Boniphace akasema hakuna mtu aliyewahi kumuuliza.

"Nimekuelewa," alisema Hyasinta. "Harusi Jumamosi, na mama lazima akuone. Njoo Alhamisi ulijaribu koti. Nikiona limenishinda, nitakupigia mapema, upate muda wa kuazima kwa mtu. Sitakuficha mpaka uje ulie hapa mlangoni."

Boniphace alisimama, akavaa kofia.

"Alhamisi, basi." Akafika mlangoni, akageuka. "Fundi, huyo mchumba wako. Anajua kazi unayofanya?"

Swali lile halikuwa na ubaya, ila lilimchoma kuliko matusi.

*

Kesho yake Hyasinta alifika Bunda pamoja na mama yake mdogo, Gaudensia. Kikao kilikuwa kimepangwa tangu zamani: upande wa Mwikwabe walitaka kuzungumza na binti kabla ya kwenda Murangi kwa wazazi wake kutoa posa. Hyasinta alikuwa ameshona gauni jipya kwa ajili ya siku hiyo. Alilivaa, ingawa njiani alitamani angevaa la kazini.

Mwikwabe aliwapokea langoni. Alikuwa mrefu, mweusi wa kung'aa, mwenye macho ambayo Hyasinta hakuweza kuyatazama kwa muda mrefu bila kusahau alichotaka kusema. Kwa macho hayohayo alikuja kibandani kwa Hyasinta mwaka jana kushonesha suruali. Akairudisha kwamba inambana. Ikatanuliwa, akairudisha kwamba inampwaya. Mara ya tatu Hyasinta alimuuliza, "Kaka, shida ni suruali au ni fundi?" Mwikwabe akaangalia chini akasema, "Ni fundi." Tangu siku hiyo hawakuachana.

"Umenuna," alimnong'oneza sasa. "Kuna nini?"

"Jumapili ulipokea simu yangu."

Tabasamu lake lilififia kidogo. "Ah, hiyo. Tutaongea baadaye, mpenzi. Wazee wameshakaa."

"Baadaye lini?"

Alimgusa kiwiko kumwongoza ndani, na Hyasinta, kwa mara ya kwanza tangu wajuane, alikiondoa kiwiko chake.

Sebuleni alikuwepo Kasmiri, baba mkubwa wa Mwikwabe, mzee wa maneno machache aliyeishi maisha yake kwenye pamba na ng'ombe. Pembeni yake alikaa shangazi Wankyo, ambaye baada ya kifo cha baba yake Mwikwabe ndiye aliyemlea kijana huyo na kumfungulia duka la mbegu na dawa za mashamba. Katika nyumba ile, shangazi Wankyo akikohoa, kuku walihama uani.

Salamu ziliisha, soda zikafunguliwa. Shangazi hakuzunguka.

"Binti, sisi tumekupenda. Una adabu, unajua kupika, na kanisani unaonekana. Ila kuna jambo. Kazi yako."

"Kazi yangu imefanya nini, shangazi?"

"Unashona suti za wanaume. Unawapima kifua, unawapima kiuno. Mke wa mtu! Halafu wanakupigiaga simu asubuhi, mchana, jioni. Tumekaa tukaona hivi: ukiolewa utashona nguo za wanawake na sare za shule. Hizo hazina maneno. Na simu, jua likizama, inakaa kwa mumeo. Atakayepiga ataongea naye. Kama ana shida ya kweli, atamweleza."

Mama mdogo Gaudensia alimkanyaga Hyasinta mguu chini ya meza, akimwomba avute subira. Hyasinta alivuta. Alimtazama Mwikwabe. Alimtazama kwa kumngoja, kama mtu aliye ndani ya maji anavyomtazama aliyeko ukingoni. Mwikwabe alikuwa akikwangua karatasi ya chupa ya soda kwa ukucha.

"Shikamoo tena, shangazi," alisema Hyasinta. "Nakuomba niulize kabla sijajibu. Jumapili niliacha simu yangu hapo, kwenye lile soketi. Nani aliipokea?"

Shangazi aliweka soda yake mezani.

"Mimi ndiye niliyeiona ikilia," alisema shangazi bila kutetereka. "Imeandikwa jina la mwanaume. Nikampa Mwikwabe, nikamwambia, kama wewe ni dume, pokea. Akapokea. Kuna kosa gani?"

"Kwani huyo mtu alikuwa anataka nini?" aliuliza mzee Kasmiri. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu salamu.

Mzee akamgeukia kijana wake. "Mwikwabe. Alitaka nini?"

"Sikumuuliza, baba mkubwa."

"Hukumuuliza."

"Alikuwa anataka kuniambia harusi yake imesogezwa," alisema Hyasinta. "Mama yake anakwenda kupasuliwa Mwanza, anataka kumwona mwanawe akioa kabla hajaenda. Alipiga akiwa amekaa na huyo mama mgonjwa, na mama akasikia mwanawe akiitwa mzinzi. Jana ametoka Butiama kuja Iringo kuchukua kitambaa chake. Shangazi, mimi sina bango kubwa. Sina fundi wa kunisaidia. Nilichonacho ni kwamba mtu akinieleza jambo, nalisikia. Akinipigia, ananipata. Nikishindwa, namwambia nimeshindwa. Watu wanatoka Butiama, wanatoka mpaka huku Bunda, wanapita mafundi wangapi njiani, kwa ajili ya hilo tu. Mkilichukua hilo, nitabaki na cherehani, na cherehani kila mtu anayo."

"Maneno mengi," alisema shangazi. "Mwanamke anayepima viuno vya wanaume..."

"Hata cha Mwikwabe nilikipima, shangazi. Tena mara tatu. Hakuna aliyeitisha kikao."

Mama mdogo Gaudensia alipaliwa na soda. Mzee Kasmiri aliangalia dari, mabega yakimtikisika.

Shangazi Wankyo hakucheka. "Kwa hiyo unakataa."

"Nakataa, shangazi. Kwa heshima zote nilizofundishwa, nakataa. Wanaume nitawashonea. Simu yangu nitapokea mwenyewe, jua liwepo, lisiwepo." Akamgeukia Mwikwabe. "Lakini sijaja kuolewa na shangazi. Wewe unasemaje?"

Mwikwabe aliinua macho. Ndani yake Hyasinta aliona mapenzi, hilo hakuweza kulikana, na pembeni ya mapenzi aliona woga.

"Hyasinta, haya tungeyamaliza wenyewe. Sisi wawili."

"Mteja wangu ulimtukana mkiwa wawili tu? Si mama yake alisikia? Watu walisikia ulipobomoa. Basi wasikie unapojenga. Sema kwamba ulikosea."

Alingoja. Nje jogoo aliwika, trekta likapita barabarani likaishilia. Mwikwabe alifungua mdomo, akamtazama shangazi yake, akaufunga.

Hyasinta alichukua mkoba wake.

"Ukivuka huo mlango," alisema shangazi, "posa hakuna."

"Posa ni yenu, shangazi, na mlango ni wenu. Mimi nina koti la mtu. Asante kwa soda. Baba mkubwa, kwaheri."

Alivuka mlango akiwa ameinua kichwa, na hakukiinamisha mpaka walipopita maduka yote na kufika karibu na stendi. Hapo ndipo machozi yalipomzidi. Aligeukia ukuta wa ghala la pamba, akalia kimyakimya, mkono mmoja mdomoni.

"Umenitia aibu," alisema mama mdogo Gaudensia nyuma yake. "Sijui dada yangu nitamwambia nini. Msichana unajibizana na ukoo mzima!" Kisha akamshika bega, akamgeuza, akamfuta uso kwa pembe ya khanga yake. "Lakini ulipofika kwenye kile kiuno, mwanangu, nilikaribia kupiga vigelegele."

Hyasinta alicheka huku analia.

"Nampenda, mama mdogo."

"Najua. Na yeye anakupenda, kila mwenye macho ameona. Ila mwanaume anayekupenda chumbani akakukana sebuleni, huyo bado hajaiva. Mwache akae jikoni kidogo."

*

Tangu jioni ile Hyasinta alishona kama mtu anayegombana na kitambaa. Alipachika mikono, akaifumua, akaipachika upya mpaka koti lilipokaa bila kulitangaza bega la kushoto la Boniphace wala kulificha. Mwikwabe alipiga simu. Alipokea, maana simu zake zote alipokea.

"Uko kazini?" aliuliza Mwikwabe.

"Niko kazini."

"Nimekukumbuka."

Hyasinta alifumba macho. Sauti ile! Ilimwingia mwilini kama uji wa moto asubuhi ya baridi. Mdomo wake wenyewe ulitaka kusema njoo, yaishe.

"Nakusikia," alisema. "Umeshasema nilichokuomba?"

Mwikwabe alianza kuulizia hali ya mama mdogo.

"Basi nina mteja, Mwikwabe. Siku njema."

Hakuwa na mteja muda ule. Ulikuwa uongo wake wa kwanza wa wiki, na aliona heri amdanganye Mwikwabe kuliko kuuacha moyo wake umwangushe.

Jumatano jua likiwa la utosi, simu ililia tena. Ilikuwa namba ya Boniphace. Hyasinta aliogopa, akadhani mama amezidiwa.

"Fundi," sauti ya Boniphace ilisema, na nyuma yake kulikuwa na kelele za mbuzi na watu. "Kuna mtu amekuja hapa kwetu Butiama. Ameulizia mji mzima kwa Boniphace anayeoa. Anaitwa Mwikwabe."

Hyasinta alikaa chini.

"Amekuja kufanya nini?"

"Amesimama hapo uwanjani, jua lote, amekataa kivuli. Akasema mbele ya mama na wajomba waliokuja kupika: 'Mimi ndiye niliyepokea simu ya fundi. Nilisema uongo. Kijana wenu hakumsumbua mtu. Nilikuwa na wivu, na hata salamu sikumpa.' Hivyohivyo, fundi, kwa mdomo wake. Mimi nilitaka kumfukuza. Mama ndiye aliyesema apewe kiti."

"Na sasa yuko wapi?"

"Anachanja kuni. Wajomba wamemwambia pole ya mdomo haijazi tumbo la wageni."

Hyasinta aliweka simu mapajani. Alitamani kucheka, akatamani kufunga kibanda na kukimbilia Butiama akamwone mwanaume yule na shoka mkononi. Hakwenda. Alirudi kwenye cherehani, akamalizia bitana, na ile ilikuwa mishono iliyonyooka kuliko yote ya wiki ile.

Alhamisi Boniphace alijaribu koti. Alijitazama kwenye kioo muda mrefu. Kisha akaomba maji ya kunywa, akauliza habari za Murangi, na Hyasinta akajua kwamba amerudi.

Ijumaa, kibanda kilipofunguliwa tu, Mwikwabe alikuwa mlangoni. Viganja vyake vilikuwa na malengelenge. Hakuvionyesha, ila Hyasinta aliviona.

"Naweza kuingia?"

"Karibu."

Aliingia, akasimama mbali kidogo na meza, kama mtu aliyefika kwa mara ya kwanza.

"Kabla ya kwenda Butiama nilimwambia shangazi," alisema. "Nilimwambia, 'Hukunishika mkono nipokee, nilipokea mwenyewe. Na Hyasinta atashona anachotaka.' Ameapa hakanyagi harusini kwetu."

"Na baba mkubwa?"

"Baba mkubwa amesema yeye anakuja Murangi hata kwa miguu, na kwamba akifika anataka kupimwa suti." Alitabasamu, tabasamu likamfia njiani. "Hyasinta, siku ile sebuleni ningesema. Neno lilikuwa hapa. Nilimwangalia yule mama aliyenilea, nikawa mtoto. Nimejichukia. Nilipaswa kusema palepale, wewe ukiwa umekaa."

"Ulipaswa."

"Umenisamehe?"

Walikuwa karibu sasa, bila mmoja wao kujua nani amesogea. Hyasinta aliisikia harufu ya sabuni yake, na moshi wa kuni za Butiama ambao haukuwa umetoka kwenye shati. Angeweza kusema ndiyo na siku ikawa tamu.

"Bado," alisema. "Nakupenda, Mwikwabe, na nina hasira na wewe. Vyote vipo. Sikudanganyi kwamba kimoja kimekwisha kwa sababu umechanja kuni. Hasira itaisha, naiona inaanza kuondoka. Lakini siku watu wakinisema mbele yako tena, sitakungoja uende Butiama."

"Hutangoja," alisema Mwikwabe. Alinyoosha mkono ule wenye malengelenge, na safari hii Hyasinta hakuondoa wa kwake.

Mtu alikohoa mlangoni. Alikuwa mzee mmoja mfupi, kitambaa cha kaki kimekunjwa kwapani, mtu wa kutoka mbali kwa jinsi vumbi lilivyompanda mpaka magotini.

"Hodi, fundi. Naitwa Kulwa. Nimeelekezwa kwako, nina shida ya suruali. Ila naona huyu kijana amenitangulia."

Hyasinta aliuachia mkono wa Mwikwabe taratibu, akavuta kiti, akakifuta kwa kiganja.

"Karibu ukae, mzee wangu. Huyu nilikuwa naongea naye tu." Akamtazama Mwikwabe. "Una haraka?"

Mwikwabe alirudi nyuma, akakaa kwenye benchi la wateja karibu na mlango, akaweka mikono juu ya magoti.

"Sina haraka, mzee," alisema. "Anza wewe. Mimi nitasubiri."

"Haya mzee," alisema Hyasinta, akimgeukia mgeni wake mzimamzima. "Nieleze taratibu. Hiyo suruali unataka iweje?"